Vikao vya taasisi zaidi ya moja: mwaliko uwe mmoja, na uwe na mwenyewe

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam.

Naomba tujadili jambo linalowapotezea muda wengi wanaofanya kazi za ushirikiano: kupanga kikao cha watu wanaotoka taasisi tatu au nne, kila taasisi na mfumo wake wa barua pepe, kila mtu na kalenda yake. Ndani ya taasisi moja kazi hii ni nyepesi. Unafungua kalenda ya mwenzako, unaona amebanwa lini na ana nafasi lini, unatuma mwaliko, yamekwisha. Ukivuka tu mlango wa taasisi yako, huoni kitu. Hapo zinaanza barua pepe zisizokwisha: Jumanne vipi? Jumanne nasafiri, Alhamisi je? Alhamisi sawa ila baada ya saa nane. Saa nane ya wapi?

Nimeratibu vikao vya aina hii kwa muda mrefu, na msimamo wangu ni kwamba hatuna uhaba wa programu. Programu zipo tele, nyingi za bure. Kinachotusumbua ni kikao kimoja kuishi sehemu nyingi kwa wakati mmoja: kwenye barua pepe, kwenye grupu la WhatsApp, kwenye jedwali la ratiba ya mradi, na kwenye kalenda. Sehemu hizo zikipishana, hakuna anayejua ipi ya kweli. Kwa hiyo nasema hivi: mwaliko mmoja wa kalenda, wenye mwandalizi mmoja, ndio uwe neno la mwisho kuhusu kikao ni lini na wapi. Ujumbe mwingine wowote uwapeleke watu kwenye mwaliko huo, usirudie saa wala linki.

Ili nieleweke, ngoja niingie kidogo ndani ya mwaliko wenyewe.

Kalenda ya Google, ya Microsoft, ya Apple na nyinginezo zinaelewana kwa sababu zote zinatumia muundo mmoja unaoitwa iCalendar. Kiwango hicho kilichapishwa mwaka 1998 kwa jina la RFC 2445 (RFC ni hati za kiufundi za mtandao), kisha kikaandikwa upya mwaka 2009 kuwa RFC 5545. Ndicho kilichomo ndani ya lile faili la .ics linaloambatana na barua pepe ya mwaliko. Lifungue kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi ya kawaida, utakuta mistari inayosomeka kabisa. Mmoja umeandikwa UID, ambayo ni alama ya utambulisho wa kikao hicho na haigongani na ya kikao kingine chochote. Mwingine ni ORGANIZER, yaani mwandalizi. Kuna SEQUENCE, namba ya toleo: mwaliko unapotoka mara ya kwanza huwa 0, mwandalizi akisogeza saa inakuwa 1, akisogeza tena inakuwa 2. Halafu kila mwalikwa ana mstari wake unaobeba hali yake: hajajibu, amekubali, amekataa, au bado hana uhakika.

Mwandalizi akisogeza kikao, kalenda zenu zinapokea UID ileile ikiwa na namba ya toleo kubwa zaidi. Zinajua ni kikao kilekile, zinafuta saa ya zamani na kuandika mpya. Hakuna anayelazimika kukumbuka lolote.

Sasa tazama tunachofanya sisi. Mtu wa taasisi ya pili anaona mwaliko umechelewa, naye kwa nia njema anatengeneza wa kwake. Umezaliwa na UID yake. Kwa macho yetu hicho ni kikao kimoja, lakini kwa mashine ni viwili visivyohusiana. Wa kwanza akisogeza wake hadi saa tisa, ule wa pili unabaki saa nane. Nimeshuhudia hili kwenye mradi wa taasisi tatu: wafadhili walikaa kwenye chumba kitupu cha mtandaoni wakati wenyeji wao wamekwisha kuanza kwenye linki nyingine. Baadaye ikaja barua kali kuuliza kama mradi una mtu anayeusimamia. Mradi ulikuwa na wasimamizi wawili waliotuma mialiko miwili, na kila mmoja aliamini wake ndio rasmi. Manahodha wengi chombo huenda mrama.

Kanuni za kubadilishana mialiko, zinazoitwa iTIP (RFC 5546, nazo za mwaka 2009), ziko wazi katika hili. Anayebadili kikao ni mwandalizi. Mwalikwa anajibu, au anapendekeza muda mwingine, basi. Ukikiburuta kikao kwenye kalenda yako hadi saa kumi, umekisogeza kwako tu, wenzako hawana habari. Ukitumia kitufe cha kupendekeza muda mpya, pendekezo linakwenda kwa mwandalizi. Akiliridhia, toleo jipya linawafikia wote. Kitufe hicho kipo kwenye Outlook ya Microsoft na kwenye Google, na nashangaa namna watu wengi wanavyokipita na kwenda kuandika aya nzima kwenye grupu.

Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza cha mradi wowote, ulizeni swali moja: mwandalizi ni nani? Si lazima awe bosi. Mara nyingi bosi hafai, kwa kuwa hafungui kalenda yake mwenyewe. Awe mtu anayeiangalia kila siku ya kazi na mwenye ruhusa ya kuamua bila kusubiri idhini ya watu watatu.

Karibuni tuchangie. Wenye uzoefu wa mifumo inayopishana kati ya taasisi na taasisi nawasubiri kwa hamu.

#2

Mkuu, uzi huu umekuja wakati wake. Sisi tulitengeneza kalenda moja ya mradi kwenye Google, tukagawa linki ili kila mtu ajiunge nayo, tukaamini tumemaliza. Lakini watu wa taasisi nyingine wanaona mabadiliko kesho yake. Tukihamisha kikao asubuhi, mchana wao bado wanaona saa ya zamani. Shida iko wapi?

#3 – Mleta mada

Shida ni kwamba kujiunga na kalenda kwa linki hakufanani na kualikwa. Mwaliko unatumwa: ukibadilika, taarifa inakufuata hadi kwako. Linki ya kalenda inachotwa: programu yako inakwenda kuangalia mara moja moja kama kuna jipya, na ni yenyewe inayoamua iende lini. Google wenyewe wanaeleza kwenye kurasa zao za msaada kwamba mabadiliko ya kalenda iliyoongezwa kwa linki yanaweza kuchukua hadi saa 12 kuonekana. Programu nyingine zina mwendo wao. Mwenye kalenda hana la kufanya kuharakisha.

Kalenda ya kujiunga nayo inafaa kwa mambo yasiyobadilika ovyo: tarehe za kuwasilisha ripoti, sikukuu, wiki za mafunzo. Kikao ambacho kinaweza kusogezwa leo kwa ajili ya kesho kitumiwe mwaliko wenye majina ya waalikwa. Mnaweza kuwa na vyote viwili, ila msimwambie mtu aitegemee linki kujua saa.

#4

Ndugu mleta mada, nakupinga kidogo. Kwa nini tuhangaike na UID na matoleo? Taasisi zinazoshirikiana zikubaliane kutumia mfumo mmoja, kila mtu apewe akaunti, mambo yaishe. Sisi tulifanya hivyo, na kwa upande wetu kazi ilirahisika.

#5

Kwa upande wenu ilirahisika kwa sababu mfumo uliochaguliwa ulikuwa wenu. Naongea kama mtu wa upande wa pili. Nimewahi kupewa akaunti za washirika zaidi ya mmoja, kila moja na nywila yake na kalenda yake. Matokeo yake kalenda yangu halisi, ile ninayoiangalia kila asubuhi, haikuwa na vikao vya washirika, na kalenda za washirika hazikuwa na kazi zangu nyingine. Wao wakitazama kalenda ya ile akaunti wanaona niko huru wiki nzima, kumbe nimebanwa. Wakawa wananipangia vikao juu ya vikao, halafu wananiona mzembe.

Akaunti ya ziada inamfanya mtu aonekane ana nafasi wakati hana. Kama hamuwezi kuepuka, basi walau mwaliko utumwe kwenye anwani ya kazi yake ya kila siku. Mtu aachwe akae kwenye kalenda yake.

#6

Niongezee hapo, maana nafanya kazi upande wa mifumo. Kuna njia ya katikati ambayo taasisi nyingi hazijui kuwa ipo. Wasimamizi wa mifumo wa taasisi mbili wanaweza kuziunganisha kalenda zao ili watumishi waonane ni lini mtu ana nafasi na lini amebanwa, bila kuona anafanya nini. Kama wote mko Exchange au Microsoft 365 (mifumo ya Microsoft ya barua pepe na kalenda), kinaitwa uhusiano wa taasisi na taasisi. Kila upande unachagua kiwango: saa tu, au saa pamoja na kichwa cha kikao na mahali. Kama mmoja yuko Google na mwingine Exchange, Google wana huduma inayoitwa Calendar Interop kwa ajili hiyohiyo.

Kazi yenyewe ni ya mara moja. Ugumu ni kwamba lazima wasimamizi wa pande zote mbili wakubali, na huwa wanakataa wakidhani wanaombwa kufungua kalenda nzima. Kwa hiyo mkiandika barua ya kuomba, andikeni wazi kabisa: tunaomba saa za nafasi na saa za kubanwa peke yake, bila vichwa vya vikao, bila mahali, bila majina. Barua ikikaa hivyo, mtu wa usalama hana sababu ya kuihofia.

Na wazo lenyewe si geni. Ndani ya iCalendar kuna sehemu maalumu ya kubeba nafasi bila maelezo, inaitwa VFREEBUSY, na imekuwemo tangu kiwango cha 1998. Waliokibuni waliona mapema kwamba taasisi zitataka kupangiana vikao bila kuchunguliana.

#7 – Mleta mada

#6, ahsante sana, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kwa ushirikiano wa miaka kadhaa kati ya taasisi mbili, hiyo ndiyo njia ya kuanzia. Kwa kikundi cha taasisi saba kinachokutana mara mbili kwa mwaka, nadhani itabidi tupige kura ya muda, kila mtu aweke ndiyo kwenye saa anazoweza.

Halafu jambo moja kwa wote: kalenda ikifunguliwa kwa wengine lazima iwe inasema kweli. Kwenye Outlook, tukio la siku nzima linaanza likiwa limewekewa alama kwamba mhusika yuko huru. Mtu anaandika "Likizo" wiki nzima, habadili alama, anaondoka. Sisi wa nje tunaona wiki nyeupe, tunampangia. Ukiweka likizo au safari, badilisha alama iwe umebanwa au hupo ofisini.

#8

Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu muhtasi wa mkurugenzi, na kazi yangu kubwa ni hizo kura za muda. Naomba niseme ninayoyaona kila siku.

La kwanza ni wingi wa machaguo. Mtu anatengeneza kura kwenye Doodle au Framadate yenye saa ishirini na kitu, anaituma kwa watu kumi na wawili, hasemi mwisho wa kujibu ni lini. Mimi natakiwa nizishikilie saa zote ambazo mkurugenzi ameweka ndiyo, kwa sababu yoyote inaweza kuchaguliwa. Wiki mbili nzima kalenda yake imejaa vivuli. Watu wengine wanaomba nafasi, nawanyima. Kisha kura inafungwa kimyakimya, hakuna anayeniambia saa gani imechaguliwa, vivuli vinabaki. Naomba sana: machaguo manne au matano, siku mbili tatu za kujibu, na siku kura inapofungwa mwaliko utoke siku hiyohiyo ili sisi tufute mengine.

La pili, heshima. Hizi linki za kumwambia mtu "chagua muda kwenye kalenda yangu", za Calendly na wenzake, zinaokoa muda kwelikweli. Lakini mtu mdogo kwa cheo akimtumia linki mkuu wa taasisi nyingine bila neno, kwetu inapokelewa vibaya. Anaonekana anasema, wewe ndiye uje kwenye ratiba yangu. Andika kwanza sentensi mbili: taja saa mbili unazoziona zinafaa, kisha useme kama hazikufai, linki hii hapa, au tupe saa zako. Linki ileile, ila sasa imekuwa msaada.

La tatu, mtumie mwaliko mkurugenzi na msaidizi wake pia. Ukituma kwa mkurugenzi peke yake, mwaliko unalala kwenye sanduku lake mpaka apate wasaa.

#9

Dada #8 umesema kweli tupu. Na kuhusu kura, kuna utafiti wa James Zou, Reshef Meir na David Parkes wa mwaka 2015 uliochunguza kura za Doodle. Walilinganisha kura ambazo kila mtu anaona majibu ya wenzake na zile ambazo majibu yamefichwa. Kwenye kura za wazi watu walielekea zaidi kuweka ndiyo kwenye saa zilizokwisha kupendwa sana, na pia kwenye saa ambazo karibu hakuna aliyezitaka. La kwanza linaeleweka. La pili walilieleza kwamba mtu anataka aonekane mshirika mzuri, kwa hiyo anaongeza ndiyo kwenye saa ambazo anaona hazina hatari ya kuchaguliwa.

Kwa vikao vya taasisi nyingi mimi huficha majibu. Mwakilishi wa taasisi ndogo akiona wafadhili wote wamechagua saa fulani, ataweka ndiyo hata kama siku hiyo ana kazi yake muhimu. Majibu yakifichwa anasema ukweli wake.

#10

Mbona hakuna aliyegusa kanda za saa? Hapo ndipo vikao vya kimataifa vinapokufa.

Chukueni kikao cha kila Jumanne kilichoandaliwa na mtu aliyeko New York, saa nne asubuhi ya kwake. Majira ya baridi hiyo ni saa tisa alasiri London, na saa mbili na nusu usiku Delhi. Mwaka 2026 Marekani wanasogeza saa zao mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka, tarehe 8 Machi, kwa kuwa sheria yao inasema Jumapili ya pili ya Machi. Uingereza, sawa na Umoja wa Ulaya, wanasubiri Jumapili ya mwisho, yaani tarehe 29. India hawasogezi kabisa. Kwa hiyo kuanzia tarehe 8, kikao kilekile kinatokea saa nane mchana London na saa moja na nusu usiku Delhi. Ikifika tarehe 29 London inarudi saa tisa, Delhi inabaki saa moja na nusu mpaka Novemba, Marekani wanaporudisha saa nyuma. Mwandalizi hakugusa chochote. Kwake ni saa nne kila wiki, na haelewi kwa nini watu wanachelewa.

Kalenda inalijua hili lote, mradi kikao kimewekwa ndani ya kalenda na kimetajiwa kanda yake. Ndani ya faili la .ics mara nyingi utaona mstari wa kuanza ukiwa na jina la mahali, America/New_York, si tofauti ya saa peke yake. Majina hayo yanatoka kwenye hifadhidata ya kanda za saa inayotunzwa chini ya IANA, shirika linaloratibu namba na majina ya mtandao, na kompyuta na simu nyingi zinaitumia. Aliyeandika saa kwenye WhatsApp hana msaada huo. Ndiyo maana namuunga mkono mleta mada: saa isirudiwe kwenye grupu.

Na serikali nazo hubadili mambo. Machi 2023 serikali ya Lebanon ilitangaza, zikiwa zimebaki siku chache, kwamba safari hii saa hazitasogezwa mbele mpaka karibu tarehe 20 Aprili. Kanisa la Wamaroni na taasisi nyingine zikakataa, zikasogeza. Kwa siku kadhaa nchi moja ilikuwa na saa mbili, mpaka serikali ikarudi nyuma. Simu nyingine zilijisogeza, nyingine hazikujisogeza. Kipindi kama hicho mwandalizi anapaswa kuandika ndani ya mwaliko saa ya UTC pia, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, kwa sababu UTC haisogezwi na serikali yoyote.

#11

#10 umenifungua macho. Swali: sisi kikao chetu cha kila mwezi kina watu wa mabara matatu. Kikao kifuate kanda ya nani?

#12 – Mleta mada

Fuateni kanda ya walio wengi, au ya wale ambao saa yao imebana zaidi, kwa mfano wanaoingia alfajiri kabla ya kupeleka watoto shule. Wakishabanwa kiasi hicho, saa moja ya kusogea inawaumiza kuliko mtu anayeingia katikati ya mchana. Mwandalizi anaweza kuchagua kanda ya kikao anapokitengeneza, si lazima iwe ya kwake. Baadhi ya makundi huchagua UTC ili asipendelewe mtu; ni haki, ila wanaosogeza saa watahama mara mbili kwa mwaka, waambiwe mapema.

Na tafadhali tarehe ziandikwe bila utata. 03/04 kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi, kwa Mwingereza ni tarehe 3 Aprili. Andikeni jina la mwezi pamoja na siku ya wiki, au mfuate ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe kwa mwaka, mwezi, siku: 2026-04-03. Siku ya wiki inasaidia sana, kwa sababu tarehe ikikosewa haitalingana na siku, na mtu makini atauliza.

#13

Mimi hofu yangu ni siri. Tulipoanza kushea kalenda na taasisi nyingine niligundua mtumishi mmoja wa kwao ameruhusu kila kitu kionekane. Vichwa vya vikao vilisomeka vyote: mahojiano ya kazi, miadi ya daktari, kikao na mwanasheria kuhusu mkataba ambao sisi ndio tulikuwa upande wa pili. Sikuwa natafuta, nilikuwa naangalia nafasi tu. Nilimpigia simu nikamwambia afunge. Lakini ni wangapi wangenyamaza na kuendelea kusoma?

#14

Ulifanya uungwana. Kwenye Google viwango viko vinne: kuona nafasi tu, kuona maelezo yote, kubadili matukio, na kubadili pamoja na kusimamia nani anaona. Kwa mtu wa nje ya taasisi, cha kwanza kinatosha karibu siku zote. Ukiifanya kalenda iwe ya hadharani, hata injini za utafutaji zinaweza kuifikia. Na ile anwani ya siri ya iCal iliyo kwenye mipangilio, yeyote aliyenayo anaona kila tukio bila kuingia kwa nywila. Kama imewahi kubandikwa kwenye grupu, iwekeni upya, ya zamani itakufa.

Upande wa pili wa usalama ni mialiko inayoingia. Mwaka 2019 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa onyo kuhusu matapeli waliokuwa wakituma mialiko yenye linki za wizi, wakitegemea kwamba kalenda huiweka yenyewe hata kabla hujaikubali. Siku hizi unaweza kuiambia kalenda ya Google iongeze yenyewe mialiko ya watu unaowafahamu tu. Wekeni hivyo. Ila kwa mradi mpya, mwandalizi atume kwanza barua pepe ya kujitambulisha, la sivyo mwaliko wake halali hautajitokeza kwenye kalenda za watu.

#15

Naomba msaada wa haraka, wakuu. Mwandalizi wetu ameacha kazi kwenye taasisi yake. Vikao vyake vya kila wiki bado vimo kwenye kalenda zetu zote, na hatuwezi kuvisogeza. Kila mmoja akifuta anafuta kwake tu. Tunafanyaje?

#16

Nilishughulika na hili mara nyingi kazini. Inategemea mfumo wake. Kama alikuwa Google na akaunti bado ipo, mwenyewe au msimamizi wao anaweza kumhamishia mtu mwingine umiliki wa kikao, na akaunti inapofutwa kuna chaguo la kuhamisha matukio yake. Kama alikuwa Outlook na Exchange, kwa kawaida hakuna namna ya kubadili mwandalizi wa kikao kilichokwisha kutengenezwa. Kinachowezekana ni msimamizi kutumia amri ya kughairi vikao vyote vijavyo alivyoandaa, na kila mwalikwa akapata taarifa ya kughairiwa. Amri hiyo inahitaji sanduku lake la barua liwe bado lipo, kwa hiyo wapigieni leo, msisubiri wiki ijayo.

Kama sanduku limekwisha kufutwa na halirejesheki, mara nyingi inabidi kila mmoja afute nakala yake kwa mkono.

#17 – Mleta mada

#15, fuata maelekezo ya #16, na mwandalizi mpya apatikane kabla hamjaghairi chochote, ili kusiwe na wiki isiyo na mwenyewe. Safari hii mwaliko utoke kwenye anwani ya ofisi ya mradi, ambayo watu wawili wanaweza kuifungua, si kwenye anwani ya mtu binafsi. Na mfululizo uwe na tarehe ya mwisho: miezi mitatu, au mwisho wa awamu ya mradi. Ukifika mwisho mnaulizana kama kikao bado kinahitajika, kama saa bado inafaa, nani kaondoka na nani kaingia, kisha mnatengeneza mpya.

#18

Ahsanteni sana. Nimeongea na msimamizi wao, sanduku la barua bado lipo, wanaghairi kesho asubuhi. Nimekubali kuwa mwandalizi. Kuna cha kuwaandikia watu, au nitume tu mwaliko?

#19 – Mleta mada

Waandikie leo, kabla ghairi haijawafikia, wasije wakadhani kikao kimekufa. Kitu kama hiki:

"Ndugu wote, kesho asubuhi mtapokea taarifa kwamba kikao chetu cha kila wiki kimeghairiwa. Kikao kinaendelea. Mwandalizi amebadilika, na kabla ya saa sita mchana kesho mtapata mwaliko mpya kutoka kwangu, wenye linki mpya. Tafadhali ukubalini huo na mfute nakala yoyote ya zamani iliyosalia. Mwenye kutaka saa nyingine atumie kitufe cha kupendekeza muda ndani ya mwaliko, nitajibu siku hiyohiyo. Kama hadi jioni hujaupata, angalia kwenye barua taka kisha unipigie."

Tuma kwa barua pepe, na kwenye grupu bandika maneno hayohayo bila kuongeza saa. Jioni ya kesho fungua orodha ya majibu kwenye mwaliko, uone nani bado hajajibu, umpigie mmoja mmoja.